Bendi ya gwaride ya shule: maswali ninayoulizwa kila siku, na majibu ya mpiga tromboni mmoja

Haya maswali nimeyajibu kwenye simu, kwenye misiba, kwenye foleni ya benki, mpaka nikaona bora niyaandike mara moja yaishe. Mi sio mwalimu wa muziki jamani. Nilikuwa tromboni ya tatu, yaani ile ambayo isipokuwepo hakuna anayegundua ila ikikosea uwanja mzima unageuka kuangalia. Kwa hiyo chukua majibu yangu hivyo hivyo.

Mbona nikisikia ngoma za gwaride mpaka leo mwili unasisimka, ni mimi tu?

Sio wewe tu. Mguu wa kushoto unaondoka wenyewe, au sio? Wangu hivyo hivyo. Miaka minne unapiga hatua na watu hamsini kwa mdundo mmoja, jua kali, jasho linaingia machoni na huruhusiwi kujifuta, hiyo kitu haikai kichwani inakaa kwenye misuli. Mi nimesahau karibu hesabu zote nilizosoma shule lakini nikisikia sneya, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, inaanza nyuma yangu bega linanyooka lenyewe, na ukweli ni kwamba wengi tunachokumbuka sio muziki. Muziki wenyewe tulikuwa wa kawaida tu. Tunakumbuka ile sekunde moja kabla, mguu sawa umeshapigwa, kimya, drum meja, yule anayeongoza bendi kwa mikono, ameinua mikono na hakuna anayepumua.

Bendi ya gwaride ni nini hasa, si bendi tu kama nyingine?

Bendi inayopiga huku inatembea. Ukisikia hivyo unaona rahisi, sasa jaribu kushika tarumbeta mdomoni alafu utembee, kila hatua itakugonga meno. Ndo maana unafundishwa kutembea upya kama mtoto: kisigino kinatua kwanza, alafu unabingirisha unyayo mpaka vidole, magoti laini, kiunoni kwenda juu hakuna kinachocheza, ungeweza kuwekewa glasi ya maji kichwani. Na hatua zina kipimo. Kipimo kilichoenea kwa bendi za uwanjani Marekani ni hatua nane kwa kila yadi tano, yaani kama sentimita 57 kila hatua, awe mtu mrefu au mfupi. Sisi wafupi tulikuwa tunajikamua, warefu walikuwa wanatembea kama wamefungwa kamba miguuni.

Upande wa ala ni tarumbeta, tromboni, yufoniamu, klarineti, saksofoni, filimbi, sneya, ngoma kubwa, matoazi, na lile dubwana linalozungushwa mwilini kama chatu, susafoni. Hilo la shaba linafika kilo 15 na zaidi, na anayebebeshwa mara nyingi ni yule aliyechelewa kufika siku ya kugawa ala.

Hii kitu ilitoka wapi?

Jeshini. Zamani ngoma na baragumu ndo zilikuwa redio ya vita, zinaambia watu waende, wasimame, warudi. Majeshi ya Ulaya karne ya 18 yakaona bendi za Waturuki wa Dola ya Osmani na kelele zao za kutisha, yakachukua ngoma kubwa na matoazi, na hadi leo ndo uti wa mgongo. Saksofoni ilikuja baadaye, Adolphe Sax alipata hataza yake mwaka 1846, na bendi za kijeshi Ufaransa zilikuwa kati ya za kwanza kuichukua. Susafoni ni ya miaka ya 1890, imepewa jina la John Philip Sousa aliyekuwa anaongoza bendi ya wanamaji wa Marekani kabla hajaanzisha yake, na zile za kwanza mdomo wake ulikuwa unaangalia juu kabisa mbinguni, watu wakaziita vikinga mvua. Fikiria unapiga gwaride siku ya mvua na hilo begani.

Kutoka jeshini ikaingia vyuoni, kutoka vyuoni ikashuka sekondari. Mwaka 1907 bendi ya Chuo Kikuu cha Purdue ilivunja safu za kijeshi uwanjani ikajipanga herufi P, na kuanzia hapo watu wakaacha kutembea mstari mmoja tu wakaanza kuchora picha kwa miili yao. Halafu kuna kina William P. Foster aliyeanza kuongoza bendi ya Florida A&M mwaka 1946, yeye na vyuo vingine vya Weusi kule Marekani wakaongeza magoti juu, mabega, kucheza kabisa, na kama uliwahi kuona bendi ya sekondari inacheza huku inapiga basi umeona wajukuu zao.

Na kabla hujasema ni mambo ya wazungu na Wamarekani, kumbuka beni. Neno lenyewe limetokana na bendi. Kuanzia miaka ya 1890 watu wa pwani ya Afrika Mashariki walishaichukua wakaigeuza ngoma yao, na yunifomu zao, vyeo vyao, wafalme wao, vikundi vikishindana mpaka kufilisiana, Marini huku na Arinoti kule. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja askari na wapagazi wakaibeba hadi bara huko. Kwa hiyo hii mila haijawahi kuwa na mwenyewe mmoja, kila aliyeipokea ameipiga kivyake.

Kwa nini bendi masta alikuwa anatukataza kusikiliza? Si ni muziki?

Ha! Hili swali nalipenda sana kwa sababu mi mwenyewe nilichukua mwaka mzima kulielewa. Alikuwa anapiga kelele TAZAMA MIKONO, USISIKILIZE, nikawa najiuliza huyu mzee vipi.

Iko hivi. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una yadi 100, yaani mita 91 na kitu. Aliyesimama mwisho huku akisikiliza ngoma zilizo mwisho kule, inamfikia baada ya robo sekunde na ushee. Sasa kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo wewe uliyesubiri kusikia ndo upulize umeshachelewa zaidi ya nusu pigo, na sauti yako nayo inahitaji muda kurudi kule, kwa aliye jukwaani inakuwa fujo tupu kama watu wawili wanasoma risala moja kila mtu na ukurasa wake. Macho hayachelewi. Ndo maana drum meja anasimama juu ya ngazi na mikono yake ndo saa ya kila mtu.

Siku nilipoelewa hivyo niliacha kumchukia.

Sijapuliza miaka ishirini, midomo itarudi?

Itarudi, ila sio leo. Vidole vitakushangaza, vinakumbuka kila kitu, dakika ya kwanza utajiona bado uko vile vile, dakika ya tano mashavu yanawaka na noti za juu zimegoma. Hiyo ni misuli midogo ya kuzunguka midomo imelala. Anza dakika kumi kwa siku, noti ndefu tu za chini, polepole, pumzika muda ule ule uliopuliza. Usikandamize mausipisi, ile sehemu ya kupulizia, kwenye meno ili upate noti ya juu, utapata noti moja na kidonda. Baada ya wiki kadhaa utaanza kujisikia mtu. Mi nilipokosea ni kwamba nilirudi kwa kiburi, siku ya kwanza saa nzima, kesho yake nikashindwa hata kupiga mluzi.

Tarumbeta langu limekaa stoo tangu nimalize shule, nifanye nini?

Kwanza usilazimishe kitu chochote. Vali, vile vitufe vya kubonyeza, zikigoma usivute na koleo, mausipisi ikinasa ndo kabisa weka koleo mbali, fundi wa ala ana kifaa maalum cha kuivuta na anaitoa kwa dakika moja, wewe na koleo lako unapinda bomba. Kama ni vali tu, loweka na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo (sio ya moto, rangi ya juu itabanduka), suuza, kausha, mafuta ya vali. Mirija ya kutyunia inataka grisi yake. Angalia vidoa vya rangi ya waridi kwenye shaba, hasa bomba la kwanza kutoka mdomoni, hiyo ni shaba inayooza kutoka ndani na hapo mpelekee fundi. Klarineti na saksofoni angalia pedi, zikishakuwa ngumu hazifungi matundu. Na lile sanduku lenye ukungu litupe, wala usilionee huruma.

Tuna kadensi zetu za ngoma hakuna aliyewahi kuziandika, tunaziokoaje?

Hapa ndo penyewe, na hapa ntaongea kirefu.

Kwa wasiojua, kadensi ni ule mdundo wa ngoma tupu bendi inapotembea bila kupuliza. Noti za tarumbeta zinaandikwa, zina karatasi, karatasi zinapigwa kopi, shule hata ikiungua kuna mtu ana kopi nyumbani. Kadensi haziandikwi. Anakufundisha wa mwaka wa juu, kwa mdomo na kwa penseli mbili kwenye dawati, wewe unamfundisha wa mwaka wa chini, ndo basi. Kwa hiyo hesabu yake ni mbaya sana: sekondari watu wanakaa miaka michache tu, ukikosa wanafunzi wapya mwaka mmoja, miwili, waliokuwa wanajua wameshamaliza wameondoka, hakuna aliyebaki wa kufundisha. Mdundo uliodumu miaka thelathini unakufa ndani ya muhula mmoja na hakuna anayejua kama umekufa.

Sisi tulikuwa na moja inaitwa Bibi Kachelewa. Iliitwa hivyo kwa sababu sneya zilikuwa zinasema bibi-bibi-bibi ka-che-le-wa, alafu ngoma kubwa inajibu DU, ila imechelewa kidogo, na huko kuchelewa ndo utamu wote. Majuzi tukakutana watu saba tukasema turekodi. Tumekaa kwenye viti, simu iko mezani, jamaa wa sneya akapiga vizuri kabisa, ikafika zamu ya ngoma kubwa, ikawa vita. Mmoja anasema unasubiri mapigo mawili, mwingine anasema matatu, dada mmoja aliyekuwa kwenye matoazi anasema wote waongo. Saa nzima tunabishana, watu wazima, mmoja wetu ana wajukuu.

Mwisho mtu akasema hebu simameni tutembee. Tukatoka nje pale magari yanapoegeshwa tukajipanga, kushoto kulia kushoto kulia, sneya ikaanza, na jamaa wa ngoma kubwa hata hakuhesabu, mkono wake ulishuka wenyewe mguu wa kushoto ulipogusa chini mara ya pili. Akasimama akaangalia mkono wake kama sio wake. Kumbe haikuwa mapigo mawili wala matatu kichwani kwake, ilikuwa mguu. Tumekaa kwenye viti saa nzima tunatafuta kitu kilichokuwa miguuni.

Kwa hiyo ushauri wangu:

Rekodi watu wakiwa wamesimama na wanatembea, video sio sauti tu, na mikono na miguu ionekane. Rekodi kila ngoma peke yake na zote pamoja. Rekodi na maneno ya mdomoni, yale bibi-bibi, kwa sababu ndo yanayofundishika kwa mtoto. Alafu tafuta mtu anayejua noti aandike. Wakibishana matoleo mawili rekodi yote mawili, usijifanye hakimu, inawezekana darasa la huyu lilipiga hivi na la yule vile na wote wako sawa. Ila video ikikaa kwenye grupu la watu wa umri wetu tu, tutaiangalia tutalia tutaweka emoji basi. Bila kijana mmoja wa miaka kumi na nne mwenye fimbo mkononi mmefanya mazishi mazuri.

Vijana wanataka kupiga nyimbo zao za sasa, tuwaache?

Waache. Sisi tulipiga nini, si tulipiga nyimbo za redioni za wakati ule, wazee wakanuna? Mi naweka mpaka sehemu moja tu, kile mnachotumia kuingia na kutoka uwanjani, ile kadensi, ule wimbo wa shule, vibaki. Katikati hapo wapige wanachotaka. Ngoma zenyewe zimebadilika mara ngapi, mpaka miaka ya 1950 zilikuwa za ngozi ya ndama, mvua ikinyesha zinalegea kama andazi, ndo zikaja za plastiki na wazee wa wakati ule najua walisema sauti imekufa.

Shule yetu imefuta bendi kabisa. Ndo basi?

Inaweza isiwe basi. Angalia New Orleans. Kuna sekondari ya St. Augustine kule, bendi yake mwaka 1967 ilikuwa ya kwanza ya Weusi kutembea kwenye gwaride la kikundi cha Rex siku ya Mardi Gras, ile sikukuu yao kubwa ya magwaride, wakatukanwa na kurushiwa vitu njiani na wakaendelea kupiga. Bendi ya aina hiyo. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kikaja, mji ukazama, familia zikatawanyika. Wanafunzi waliorudi hawakutosha, basi shule tatu za Kikatoliki zikajiunga jengo moja, St. Mary's, St. Augustine na Xavier Prep, wakajiita MAX, na mapema 2006 wakatoka barabarani kwenye Mardi Gras kama bendi moja. Watoto ambao mwaka uliopita kila mmoja alikuwa na shule yake.

Najua nyie hamna kimbunga, mna mkuu wa shule anayesema hakuna bajeti. Lakini njia ni ile ile, unganeni na shule jirani, jipangeni wa zamani mkafundishe Jumamosi, msisubiri bendi kamili. Sneya mbili na ngoma kubwa moja zinatosha kuanza kutembea. Na mnapokwenda kumuona mkuu wa shule msiende na picha zenu za zamani, hazimhusu, nendeni na ratiba, nani atakuja siku gani, ala zitafungiwa wapi na funguo anashika nani.

Ala hatuna kabisa.

Malawi wana malipenga. Ni watoto wa ile beni niliyosema juu, wanaume wanapiga gwaride safi kabisa, mistari imenyooka, na badala ya tarumbeta wanaimbia kwenye vibuyu vyenye utando mwembamba unaotetemeka, na zinalia kweli. Kwa hiyo sababu ya ala mi siielewi sana. Anzeni na miguu na midomo, ndoo mbili, fimbo. Mtoto akishajua kukaa kwenye mdundo tarumbeta likija atalipuliza tu.

Kuna mila za bendi ambazo ni bora zife?

Ndio, na tuache kujidanganya. Kila bendi ina hadithi za wa mwaka wa juu kuwatesa wapya, tunazisimulia tunacheka, mi mwenyewe nimebebeshwa masanduku ya watu wanne nikizunguka uwanja usiku. Mwaka 2011 kule Marekani drum meja wa bendi moja kubwa ya chuo alikufa baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi la bendi, bendi ikafungiwa, watu wakaenda jela. Kwa hiyo mtu akikwambia sisi tulipitia na wao wapitie, mwambie hapana. Mwambie pia akitaka kuwakaribisha wapya awafundishe Bibi Kachelewa.

Tukikutana wa zamani tupige hadharani au tutaaibika?

Mtaaibika kidogo. Pigeni. Chagueni kitu rahisi, tembeeni polepole, mapigo 100 yanatosha, na yule wa susafoni mwenye mgongo mbovu mpeni matoazi.

Yunifomu ya zamani hainitoshi.

Haimtoshi mtu yeyote. Vaa kofia tu.

Sasa hiyo Bibi Kachelewa inapigwaje?

Nilijua mtauliza. Anza na mguu wa kushoto, mwendo wa kutembea kawaida, usikimbie. Sneya, mkono wa kulia unaanza: bi-bi, bi-bi, bi-bi, kila bibi moja kwa hatua moja, ya kwanza kali mbili zinazofuata laini. Hatua ya nne ni ka-che-le-wa, silabi zote nne humo humo, imebanwa, kama mtu anasema kwa hasira mlangoni. Alafu sneya zote kimya na nyie mnaendelea kutembea, hapo viatu tu ndo vinasikika. Wa ngoma kubwa usihesabu. Kushoto, kulia, kushoto, DU.

Alafu unarudia mpaka mfike getini.